Korido ya Mita 30: Kusoma Fani ya Kipimo cha Dakika Sita

Andiko ninalolihakiki hapa lina sentensi chache, halina mtunzi mmoja, na kila linapotamkwa kuna mtu anayetembea. Madaktari huliita kipimo cha mwendo cha dakika sita. Hutumika kupima uwezo wa mwili wa mtu ambaye moyo wake, kwa muda mrefu, umeshindwa kusukuma damu ipasavyo. Ni yule ambaye majirani zake Kiminini au Chwele, magharibi mwa Kenya, watasema moyo wake umechoka. Vifaa vyake ni korido iliyonyooka yenye sakafu ngumu, koni mbili, saa, kiti, na karatasi ya kuhesabia mizunguko. Kinachobaki ni maneno. Na maneno hayo hayakuachwa mikononi mwa msemaji: American Thoracic Society, jumuiya ya madaktari wa kifua ya Marekani, iliyaandika mwaka 2002, ikaeleza yatamkwe dakika ipi na kwa sauti ya namna gani. Chombo ambacho sehemu yake kubwa ni lugha kinastahili kusomwa kwa jicho lile lile tunalosomea utenzi au tamthilia, kwa sababu lugha ikilegea, kipimo nacho kinalegea.

Ninakisoma nikiwafikiria watu wa Kitale na Bungoma, miji ya huko huko. Hospitali kubwa ya rufaa kwa ukanda wao ni ile ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoko Eldoret, kilomita 70 hivi kutoka Kitale. Huko ndiko kulikofanywa utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Annals of Global Health, uliojaribu kuona kama wagonjwa wa moyo wanaweza kufanyishwa mazoezi hospitalini au nyumbani kwao. Walipimwa mwanzoni na baada ya miezi mitatu, na rula ya kuwapimia ilikuwa dakika hizi sita. Kwa hiyo andiko hili limekwisha kutamkwa katika nchi ya mahindi. Na wanaotamkiwa si wazee waliokwisha kustaafu kazi za mikono. Utafiti wa THESUS-HF uliotolewa mwaka 2012, uliowafuata wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuta umri wao wa wastani ni miaka 52. Sababu kuu ilikuwa shinikizo la damu; wale ambao mishipa ya moyo yenyewe ilikuwa imeziba hawakufika wanane kati ya mia. Mtu wa miaka 52 kule Kwanza au Tongaren bado ana watoto shuleni, bado anashika jembe, na swali lake kwa daktari ni kama ataweza kurudi shambani.

Nianze na urefu wa andiko, maana ufupi wake ulitafutwa. Mwaka 1963 Bruno Balke alipima uwezo wa mwili kwa mbio za dakika 15. Mwaka 1968 Kenneth Cooper akazipunguza hadi 12. Mwaka 1976 kundi la madaktari Waingereza wakaondoa mbio, wakabakiza mwendo, kwa sababu wagonjwa wao walikuwa na mapafu mabovu. Dakika zilibaki 12. Mwaka 1982 wengine wakalinganisha dakika mbili, sita na 12, wakaona sita zinatosha kutofautisha mtu na mtu bila kumtesa. Mwaka 1985 Gordon Guyatt na wenzake huko Kanada wakalipeleka umbo hilo kwa wagonjwa wa moyo. Kila mkono uliolishika andiko hili ulikata kitu, na ukikata unauliza ni kiasi gani cha mateso kinahitajika ili ukweli uonekane. Jibu la mwisho ni la huruma, na huruma hiyo imo ndani ya muundo wenyewe.

Sasa maelezo ya ufunguzi. Mgonjwa ameketi kiasi cha dakika kumi. Anaambiwa kwamba lengo ni kutembea mbali kadiri awezavyo kwa dakika sita, akienda na kurudi. Anaambiwa pia, bila kufichwa, kwamba dakika sita ni muda mrefu, na kwamba huenda akahema au akachoka kabisa. Kisha inakuja ruhusa: unaweza kupunguza mwendo, unaweza kusimama, unaweza kuegemea ukuta, ila ukipata nguvu uendelee. Mwishoni lengo linarudiwa, na katazo moja linaongezwa: usikimbie.

Tazama mpangilio wa mawazo hayo. Amri imefungua na amri imefunga, lakini katikati kumewekwa onyo na ruhusa, na ruhusa ndiyo ndefu. Mtu haambiwi tu kwamba kuchoka kunaruhusiwa. Anatajiwa na mahali pa kuegemea. Kwa mwanamke aliyezoea kuficha kuhema kwake mbele ya wakwe, kutajiwa ukuta ni jambo zito. Lakini kuna ukali uliofichwa pia: saa haisimami. Akiegemea ukuta sekunde 40, sekunde 40 zimekwenda. Andiko linampa mtu uhuru wa kupumzika huku likimtoza gharama ya pumziko, na mvutano huo ndio unaopima. Kama saa ingesimama naye, tungejua tu kasi yake akiwa na nguvu. Kama asingeruhusiwa kusimama, tungejua tu ni lini anaanguka. Kwa kuruhusiwa kupumzika ndani ya muda usiosimama, mgonjwa analazimika kuamua jinsi ya kuutumia mwili wake, kama anavyoamua kila siku kati ya kisima na jiko. Hapo ndipo ninapoona ustadi mkubwa kuliko mahali pengine popote katika andiko hili.

Baada ya hapo msemaji karibu ananyamazishwa; kubwa analobakiziwa ni vituo vitano. Kila dakika moja ikipita anasema jambo moja: kwamba mtembeaji anafanya vizuri, au kwamba aendelee hivyo hivyo, pamoja na dakika zilizosalia. Kauli hizo mbili zinapokezana kama vibwagizo, na kinachobadilika ni hesabu tu: tano, nne, nusu ya safari, mbili, moja. Sauti iwe tambarare. Asiongeze neno la kutia moyo, asiharakishe kwa mikono wala kwa uso, asizungumze na mtu mwingine, asipoteze hesabu ya mizunguko.

Kwa nini takriri iwe kavu hivyo? Jibu lilikuwepo tangu 1984, Guyatt na wenzake walipopima wagonjwa wa moyo na wa mapafu, wengine wakitiwa moyo na wengine wakiachwa kimya. Waliotiwa moyo walikwenda mbali zaidi kwa karibu mita 30. Watafiti wenyewe waliona kwamba ongezeko hilo linalingana na yale ambayo tafiti nyingine zilikuwa zikiyahesabu kuwa faida ya dawa. Hadi leo, mita 30 hivi ndizo wengi wanazozichukua kuwa badiliko ambalo mgonjwa wa moyo analihisi kweli maishani mwake. Maana yake, muuguzi mchangamfu anaweza kwa ulimi wake kumpa mgonjwa nafuu ambayo moyo haujaipata, na muuguzi aliyechoka siku ya pili anaweza kuiondoa. Kwa hiyo andiko halikatazi uchangamfu kwa sababu halimpendi mgonjwa. Linataka mita za Januari na mita za Aprili ziwe zimezaliwa na maneno yale yale.

Hapa ndipo magharibi mwa Kenya panapoliweka andiko katika mtihani. Mtu akipita na mzigo kichwani, unamwambia pole. Akijikwaa, pole. Akihema mbele yako, pole, na ukikaa kimya utahesabiwa mtu asiye na malezi. Sasa muuguzi mwenye umri wa miaka 25 amesimama karibu na koni, na mbele yake mwanamke wa rika la mama yake anarudi akihema, jasho likimtoka. Kila kitu alichofundishwa nyumbani kinamwambia aseme pole, mama. Na pole hiyo si sauti tu. Inamwambia anayehema kwamba ameonekana, kwamba inatosha, kwamba apunguze. Inavuta mita chini. Kinyume chake ni jikaze, ambayo ndiyo kauli ya uwanjani, ya mwalimu wa mbio, na katika nchi iliyozalisha wakimbiaji kama hii inatoka mdomoni bila kufikiriwa. Inasukuma mita juu. Kati ya pole na jikaze andiko linadai njia ya tatu ambayo desturi haikuiandaa, kauli isiyovuta wala kusukuma.

Naamini njia hiyo inapatikana katika Kiswahili, lakini lazima iandikwe na ishikwe, isiachiwe kila zamu ijitungie. Unaendelea vizuri, mama. Zimebaki dakika tano. Endelea hivyo hivyo, mzee, zimebaki nne. Wapo watakaosema mama na mzee ziondolewe kwa kuwa hazimo katika maelezo ya 2002. Mimi nasema zibaki. Kumsemesha mtu mzima kwa kauli tupu, bila kumwita, katika Bungoma ni kumkemea, na mgonjwa aliyekemewa ama atajikaza kwa aibu ama atasimama kwa hasira. Wito wa heshima unairudisha kauli kwenye usawa ambao waandishi waliutaka. Sharti ni moja: uwepo katika vituo vyote vitano, kwa wagonjwa wote, kwa sauti ile ile. Na kwa mgonjwa ambaye lugha yake ya ndani ni Lubukusu au Kisabaoti, sentensi zake nazo zipangwe mapema kwa uangalifu uo huo, kwa sababu mkalimani wa papo kwa papo kwa kawaida ni binti yake, na hakuna binti anayeweza kumwambia baba yake anayehema kauli isiyo na upande.

Lipo katazo jingine linalogusa adabu zaidi ya maneno: mpimaji asitembee pamoja na mgonjwa. Sababu yake ni nzuri. Anayetembea na mwingine huchukua mwendo wa mwenziwe, na mwendo ukiwa wa kuazima kipimo kimekwisha kuharibika. Lakini kusimama ukimtazama mzee akiyumba peke yake ni jambo linaloumiza macho, na mzee mwenyewe anaweza kudhani anadharauliwa. Andiko la asili halina sentensi ya kulieleza hilo. Hilo nalihesabu kuwa pengo la kweli katika fani, na dawa yake ni sentensi moja kabla ya kuanza: nitakuwa hapa, ninakutazama muda wote, sitakuja pamoja nawe ili mwendo uwe wako. Haiongezi mita. Inaondoa fadhaa tu.

Mandhari nayo inazungumza. Urefu uliopendekezwa ni mita 30, kwa hiyo kwenda na kurudi ni mita 60, na anayefika 360 amemaliza mizunguko sita. Mahali penye korido ya mita 15, mtu yule yule atageuka mara mbili zaidi, na kila kugeuka kunamlazimu kupunguza, kupinda, na kuanza upya. Mita zitapungua bila moyo kubadilika. Kituo cha afya kisicho na korido ndefu kinaweza kupima nje, kwenye ardhi tambarare iliyoshindiliwa, mradi mahali pawe pale pale kila mara. Kisichofaa ni kupima Kitale kwenye korido ndefu na Bungoma kwenye fupi, kisha kumwambia mgonjwa aliyehama kwamba amedhoofika.

Kuna na kimo cha nchi. Mji wa Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu 1,400. Kanieneo ya hewa Kitale ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa; Bungoma ni kama 85. Kwa mtu mzima wa afya aliyezaliwa huko tofauti hiyo haisumbui. Kwa mwenye moyo uliolemewa sitaipuuza, hasa anapolinganishwa na hesabu zilizotungwa kwingine. Hesabu inayotumika sana ya kukadiria mtu wa afya angetembea mita ngapi ilitolewa mwaka 1998 na Enright na Sherrill, kutokana na watu 290 wa Tucson, Arizona. Ukiweka mwanamke wa miaka 52, sentimita 160, kilo 60, inakwambia angetembea mita 567 hivi. Hiyo ni sauti ya Tucson ikimsemea mwanamke wa Endebess. Mimi ningemlinganisha na mita zake mwenyewe za miezi mitatu iliyopita, na Tucson ningeiweka pembeni.

Uzuri wa fani hii unaonekana zaidi ukiiweka karibu na mashine ya kukimbilia. Katika utaratibu wa Robert Bruce wa mwaka 1963, mkanda unaanza ukiwa tayari umeinuka, na kila dakika tatu unaongeza kasi na mwinuko. Hakuna ukuta wa kuegemea. Mashine ndiyo msimulizi, na haimsubiri mhusika wake. Ukiongeza barakoa ya kupimia hewa unapata kitu ambacho korido haitoi: kiasi halisi cha oksijeni mwili unachotumia ukifika ukingoni. Mwaka 1991 Donna Mancini na wenzake walionyesha kwamba anayevuka mililita 14 kwa kila kilo kwa dakika anaweza kusubiri kupandikizwa moyo, na aliye chini yake yuko hatarini. Hilo ni jambo kubwa mahali ambapo kuna moyo wa kupandikiza. Lakini kwa mkulima ambaye hajawahi kukanyaga mkanda unaokimbia chini ya miguu yake, dakika za kwanza zinapima woga.

Andiko la tatu linalopaswa kuwekwa mezani ni fupi kuliko yote, na ndilo dhaifu kuliko yote: madaraja manne ya New York Heart Association, yaliyoanza mwaka 1928. La kwanza, shughuli za kawaida hazimchoshi. La pili, zinamchosha. La tatu, hata ndogo kuliko za kawaida zinamchosha. La nne, anahema hata akiwa ametulia. Jengo zima limesimama juu ya neno kawaida, nalo halina mandhari wala muda. Kawaida ya Trans Nzoia mwezi Aprili, wakati wa kupanda na palizi, si kawaida ya Januari mahindi yakiwa ghalani. Mgonjwa anaweza kuruka daraja zima kwa sababu mvua imenyesha. Mbaya zaidi, kawaida ya mgonjwa hupungua pamoja naye. Aliyeacha kubeba mtungi wa lita 20, kisha akaacha kwenda sokoni, kisha akaacha kupanda kilima cha kanisani, akiulizwa kama shughuli zake za kawaida zinamchosha atajibu kwa ukweli kwamba hazimchoshi. Daraja linampandisha wakati maisha yake yanasinyaa. Korido haidanganyiki hivyo, kwa kuwa mita 30 ni mita 30 hata kama umeacha kwenda sokoni.

Hata hivyo korido ina uziwi wake. Ni tambarare, na mikono ya mtembeaji ni mitupu. Mtu wa Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, haishi mahali tambarare, na mikono yake haiko mitupu ila akiwa kanisani. Anaweza kufika mita 420 koridoni na bado ashindwe kufika nyumbani na unga. Andiko haliwezi kubeba kila kitu, na sitaki mtu aweke magunia hospitalini. Lakini anayesoma namba ajue kilichoachwa nje.

Kwa maana namba ina uzito. Mwaka 1993 Vera Bittner na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 898 wa moyo. Kati ya waliotembea chini ya mita 300, kama kumi kwa mia walifariki katika miezi minane hivi ya kufuatiliwa. Kati ya waliofika 450 na zaidi, walikuwa kama watatu. Baina ya 300 na 450 kuna mizunguko miwili na nusu ya korido. Ndiyo maana mita 30 za ulimi wa muuguzi si jambo la kufumbia macho: zinaweza kumvusha mtu mpaka ambao upande wake wa pili daktari anaona hatari tofauti.

Na bado sidhani namba ndiyo kilele cha andiko. Kilele kinakuja baada ya saa kusimama, na wengi hukipita mbio. Mgonjwa akishaambiwa asimame, akishaulizwa kuhema kwake na uchovu wake ni ngapi katika ngazi ya namba iitwayo Borg, maelezo ya 2002 yanamtaka mpimaji aulize jambo moja zaidi: kama kipo kitu kilichomzuia asiende mbali zaidi, ni kipi? Kwa dakika sita nzima andiko limewabana wote wawili, mmoja kwa mwendo na mwingine kwa vibwagizo. Sasa, mara moja tu, linafungua swali lisilo na majibu ya kuchagua. Kila kitu kilichotangulia, ukavu wa sauti, kusimama mbali, vituo vitano, kilikuwa kinalinda swali hili lisitiwe jibu mdomoni.

Wachukue watu wawili waliofika mita 330, mmoja wa Kitale na mmoja wa Bungoma. Kwa namba ni mtu mmoja. Wa kwanza anasema pumzi ilikata na kifua kikajaa, na usiku analalia mito mitatu; huyo maji yamejaa mwilini, na dawa za kuyatoa zinahitaji kuangaliwa leo. Wa pili anasema pumzi ilikuwepo ila miguu ilikataa, maana tangu alipoambiwa ana moyo watu wa nyumbani wamemkataza hata kufagia. Misuli yake imeyeyuka kwa kukaa. Utafiti wa HF-ACTION wa mwaka 2009, uliohusisha wagonjwa 2,331, ulionyesha kwamba mazoezi yaliyosimamiwa ni salama kwa watu kama yeye, na hilo ndilo anahitaji kuambiwa, yeye pamoja na hao wanaomkataza. Huenda wa tatu akasema ni viatu, au goti, au kwamba aliogopa kuanguka mbele za watu, na kila jibu linampeleka kwa mtu mwingine hospitalini. Karatasi ina nafasi ndogo ya kuandika sababu kwa aliyesimama kabla ya muda, na nafasi kubwa ya kuzidisha mizunguko kwa 60. Ningeipanua nafasi hiyo ya kwanza, iwe ya kila mgonjwa, na jibu liandikwe kwa lugha aliyolitoa nayo, juu ya mita na kabla ya mita.